Duka Lisilouza Nyeupe

Kama ulikuwa mjane, na ndugu zako wamekushika mkono kukuleta Greyville, hapa Durban, kutafuta sari nyeupe ya ujane, basi dukani kwa Aunty mlikuwa mmebisha hodi pasipo penyewe. Nyekundu alikuwa nazo za kila namna, tangu ya komamanga hadi ya matofali. Kijani, zambarau, buluu ya tausi, manjano ya kuumiza macho, zote zilikuwepo, zimekunjwa kwenye rafu mpaka darini. Nyeupe hakuwa nayo, wala hakuomba radhi. Wateja aliwaambia hivyo kwa Kiingereza, kisha akatugeukia sisi mafundi kule nyuma na kurudia kwa Kiswahili alichookota kwetu, apate wa kucheka naye.

"Nyeupe iko ya manesi," alisema. "Ye iko nesi? Apana. Basi akae, anakunywa chai, njo tunatafuta rangi."

Wengine walikasirika wakaondoka. Lakini mara nyingine mjane mwenyewe alikaa, akanywa chai, na ndugu waliomleta wakabaki wamesimama mlangoni hawajui waangalie wapi. Nimeona wanawake wakiingia pale na nyuso za msiba na kutoka na sari ya waridi chini ya kwapa, wakitembea upesi kabla hawajabadili mawazo.

Durban hii kila mwanamke wa Kihindi mwenye umri huitwa Aunty, lakini katika mtaa wetu ukisema Aunty bila kuongeza neno, ulikuwa unamtaja huyo mmoja. Nilishona nyuma ya duka lake miaka mingi, tangu nilipofika kutoka Uvira, kule Kongo, na mikono inayojua kitenge peke yake. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sitazieleza. Alizisimulia mwenyewe kila siku bila kuulizwa, nami nilikuwa nashona, sikusikiliza.

Nilichosikiliza ni vitambaa. Aunty hakupima kitambaa kwa vidole kama watu wengine. Alikikandamiza shingoni, chini ya taya, akafumba macho, na duka zima likanyamaza kumsubiri. Kisha akatoa hukumu. Jojeti aliiheshimu kwa sababu huanguka vizuri mwilini na kukaa inapowekwa. Shifoni aliiona haina msimamo, inateleza begani mbele ya wakwe. Oganza ilimkasirisha. "Inasimama peke yake," alisema, "inamfanya bibi harusi anakuwa hema." Pamba aliipenda kimyakimya. Hariri nzito ya harusi, ile yenye nyuzi za zari zinazometa kama mapambo ya dhahabu, hakuisema kitu. Aliikunja tu kwa mikono miwili na kutukataza kula karanga karibu nayo.

Wachuuzi wa jumla walimwogopa. Walikuja na vitabu vyao vya sampuli, kila moja imeandikwa hariri, hariri, hariri. Aunty alichomoa uzi mmoja, akawasha kiberiti papo hapo juu ya kaunta. Hariri ya kweli inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Polista inayeyuka, inajikunja na kuwa kishanga kigumu. Kile kishanga alikitia kwenye kiganja cha mchuuzi, kikiwa bado cha moto kidogo, na kumfungia vidole vyake juu yake.

"Peleka nyumbani," alimwambia. "Mpe mke yako. Mwambie iko hariri."

Na huyu huyu mwanamke, nisikufiche, alivaa polista toka Jumatatu hadi Alhamisi. Sari za maua maua, zisizopigwa pasi, zinazokauka kabla hujamaliza kuzianika. Siku moja nilimwuliza, maana nilichoka kusikia polista ikitukanwa na mtu aliyeivaa. Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini anavaa viatu.

"Mi niko ku kazi," akasema. "Hariri haifanye kazi. Hariri inaangaliwa."

Ijumaa lakini alivaa sari moja ya jojeti ya rangi ya mkaa, na hiyo ina kisa chake. Sari ni kitambaa kirefu kimoja kisichoshonwa, na kila ncha ina kazi yake. Ncha moja ndiyo yenye mapambo mazito, ile inayotupwa begani ili ulimwengu uione. Wao huiita pallu. Ncha ya pili aghalabu huachwa kipande cha kawaida cha kukatwa na kushonea blauzi. Sasa, tulikuwa na fundi mwenzetu, kijana mtu mzima wa Bujumbura, mkono wake safi sana. Wiki yake ya kwanza alipewa sari ya mteja akate blauzi. Akaitandaza, akaitazama ncha hii na ile, akafikiri kama tunavyofikiri sisi wote tuliokulia kwenye kitenge, kwamba ua zuri kuliko yote linakaa kifuani. Akakata pallu.

Alipogundua alichofanya alikaa chini sakafuni. Tulijua amefukuzwa, tukaanza hata kumkusanyia vitu vyake.

"Aunty, kwetu ile mapambo ya muzuri inakaa ku kifua," alisema, akiwa amemshikia kile kipande. "Ningeijua namna gani?"

Aunty alikikandamiza kile kipande shingoni, sijui kwa nini, kitambaa alikuwa anakijua. Kisha akampigia simu mteja mbele yetu, akamwambia waziwazi kilichotokea, na kumwambia aje achague nyingine rafuni, yoyote. Ile iliyokatwa aliichukua yeye. Ijumaa akaja nayo mwilini, begani inaishia ghafla kama sentensi ya mtu aliyeitwa nje, na kifuani blauzi inayong'aa kupita kiasi. Wanawake wenzake walipomwuliza imekuwaje, alijibu, "Modele ya Bujumbura." Aliivaa kila Ijumaa mpaka pindo likachakaa. Mteja mmoja akaomba ashonewe kama ile.

Usidhani lakini alikuwa mpole. Alitutukana kwa lugha tatu, alihesabu pini, na uzi aliupima kwa jicho kama vile umetoka kwenye nywele zake. Vitenge vyetu aliviita kitambaa cha meza. Jumapili, wanawake wa Kikongo walipopita mbele ya duka wakitoka ibadani na magauni yao mapya, alisimama mlangoni na kusahihisha mishono yao kwa sauti. Hata hivyo, mwanangu wa kwanza alipobatizwa alikuja kanisani kwetu, akakaa mstari wa mbele na hariri yake ya buluu, na alipotoka neno lake la kwanza lilikuwa kwamba bitana ya koti la mchungaji imegundishwa, haikushonwa.

Kuna siku mama mmoja alileta hariri ya harusi ya bintiye, akaona ni mimi ninayeinuka na tepu shingoni. Akamwambia Aunty kwa Kiingereza, akidhani sijui Kiingereza, kwamba nguo hii itaingia kwenye sala na hataki mikono ya hawa wakimbizi juu yake. Aunty alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe, akaikunja ile hariri taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, akairudisha kwenye mfuko wa yule mama na kumkabidhi.

"Kamshonee mwenyewe," akamwambia.

"Aunty, mimi nalijua duka hili tangu nikiwa mtoto."

"Basi unajua na mlango wake uko wapi."

Nilitaka kulia. Nilingoja aniambie neno. Alikuja nyuma, akashika blauzi niliyokuwa naishona, akaigeuza, akasema mshono wa kwapa umepinda, fumua. Nilimchukia siku ile, na nilimpenda, na nikafumua, maana ulikuwa umepinda kweli.

Mumewe alikuwa mtu wa kiti kilichokuwa kando ya mlango. Kazi yake ilikuwa kusoma kurasa za mbio za farasi, uwanja wenyewe ukiwa pale pale mtaani. Farasi aliwachagua kwa rangi za shati la mpanda farasi, hakujali kitu kingine, naye Aunty alimwambia kila mara kwamba yale mashati ni nailoni. Waligombana siku nzima. Nilidhani hawapendani, mpaka alipofariki, nikaona Aunty anakipitia kile kiti kwa mbali, kama bado kuna miguu imenyooshwa hapo.

Baada ya sala za msiba kwisha alirudi dukani. Wifi yake, dada wa marehemu, alimfuata huko huko, mbele ya wateja, na sari nyeupe ya pamba yenye mstari mwembamba wa buluu ukingoni. Akaiweka juu ya meza ya kukatia. Hakusema mengi. Alisema mjane ana nguo yake, na watu wanatazama.

Aunty aliishika, akaipeleka shingoni, akafumba macho.

"Pamba nzuri," akasema. "Umechagua vizuri. Asante, wifi."

Nilishangaa. Nikasema basi, naye ameinama kama wengine. Wifi alipoondoka, Aunty akaniita, akaenda kwenye kabati lake mwenyewe na kutoa sari yake ya harusi, hariri nyekundu iliyoiva, zari imejaa pindoni. Blauzi yake ya ujana ilikuwa imeshambana zamani, lakini alikuwa amehifadhi kipande cha hariri ile ile. Akachukua mkasi mkubwa, akaikata ile sari nyeupe katikati mbele ya macho yangu.

"Shona blauzi," akaniambia. "Inje hariri. Ndani, dublire, weka hii."

Dublire ndiyo bitana, kitambaa cha ndani kinachogusa ngozi.

"Aunty, yote hii nyeupe?"

"Bote banataka nivae nyeupe. Sharp, sawa. Nitavaa. Lakini bwana yangu alikufa kwangu, hakufa ku barabara. Watu ya barabara banaonyeshwa nini?"

Nilishona naye ameniinamia, na machozi yake yalidondoka kwenye ile pamba kabla haijafungwa ndani. Hakuyafuta. Tangu hapo kila blauzi niliyomshonea, ya zambarau, ya kijani, ya manjano, bitana ilikatwa kwenye ile sari ya wifi, hadi ikaisha. Nje alikuwa harusi tupu. Watu walisema hana haya, marehemu hajapoa, tazama anavyowaka. Alisikia yote na hakujitetea kwa mtu hata mmoja. Mimi nilitaka kuwashika koo, lakini siri haikuwa yangu.

Na walimwadhibu. Mpwa wake alipoolewa alikwenda na ile nyekundu. Mlangoni mwa ukumbi wakamwambia, kwa adabu, kwamba wanawake wenye waume ndio wanaotangulia na sinia la taa mbele ya bibi harusi, na kwamba kwa yeye ingekuwa vizuri apitie upande wa jikoni, kuna viti huko nyuma. Mguu wa mjane ukitangulia, wanaamini, unamletea bibi harusi mkosi. Jumatatu alinisimulia akikata uzi kwa meno.

"Nimepitishwa jikoni," alisema. "Na biriani."

Alisema kama mzaha, lakini hakucheka, na mimi sikucheka.

Kisha ukaja ule ugonjwa uliomlegeza mkono wa kushoto. Duka likafungwa, sasa wanauza simu pale. Mwanawe akamchukua kwake, Morningside, kwenye moja ya zile nyumba kongwe zenye veranda. Mimi nikafungua kichumba changu cha kushona. Tulizungumza kwa simu, zaidi ni yeye kuniuliza kama bado napindisha makwapa.

Mwaka huu akanipigia.

"Mjukuu anaolewa, hapa ku nyumba, iko hema inje," alisema. "Anasema mimi njo nitatangulia na taa. Yeye mwenyewe amesema. Kuja na mkasi ya kidogo. Blauzi inanikimbia."

Nilifika asubuhi ya harusi. Nilimkuta kitandani kwa gauni la kulalia, amekuwa mdogo, lakini macho yale yale. Sari nyekundu ilikuwa imetandazwa kitini. Nikamvalisha blauzi, ikamning'inia. Nikaivua, nikaigeuza, nikaanza kufumua mishono ya ubavuni, na hapo nikaiona bitana yangu ya zamani. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na kwapani imeoza.

"Aunty, nina pamba mpya kwenye mfuko. Niibadilishe, itakukwaruza."

"Punguza hariri. Ile ya ndani usiguse."

Nikapunguza. Nilikuwa naweka vishikizo vya mwisho wifi alipoingia. Naye amezeeka, anatembea kwa fimbo, na mwenyewe ni mjane siku nyingi, amevaa sari ya rangi ya maziwa kama alivyotakiwa. Mkononi alikuwa na nyingine kama hiyo, bado iko kwenye plastiki. Walizungumza Kiingereza, nami nayaleta kwa Kiswahili.

"Nimekuletea hii," wifi alisema. "Tutakaa pamoja nyuma. Mama yake bwana harusi ameniuliza nani anabeba taa. Nimeona haya kumjibu."

"Mwambie ni nyanya wa bibi harusi."

"Ni mtoto wetu. Akipata mkosi kesho, watasema ni wewe."

"Na asipopata, watasema nini?"

Wifi alikaa kitini, juu ya pindo la hariri, na Aunty akapiga kelele, na wifi akainuka upesi. Ilikuwa ya kuchekesha, lakini yule mama hakuona cha kucheka. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anaogopa, na nadhani alichoka kuogopa peke yake miaka yote ile.

"Miaka yote hii umetuaibisha," akasema. "Kaka yangu hukumlilia hata kwa nguo. Ningeona siku moja tu umevaa nyeupe kwa ajili yake, ningenyamaza."

Nikatazama sindano yangu. Aunty akaninyooshea mkono mzima.

"Lete blauzi," akaniambia.

Akaichukua, akaigeuza ndani nje kwa mkono mmoja na meno, akamtupia wifi yake.

"Shika."

Wifi akashika. Akapitisha kidole gumba kwenye ile pamba iliyochakaa, polepole, hadi kwenye ukingo wa kitambaa, ambao bado ulikuwa na ule mstari mwembamba wa buluu wa mfumaji. Nikaona amejua.

"Hii ni ile yangu," akasema. "Niliichagua mimi."

"Ni yako. Kila rangi uliyoniona nayo, yako ilikuwa chini yake, kwenye ngozi. Imeozea kwapani mwangu, tazama. Kaka yako nimemvaa. Sikuona kwa nini niwaonyeshe majirani."

Nje walikuwa wanajaribu spika, mtu anahesabu moja mbili, moja mbili. Wifi aliirudisha ile blauzi upande wake sawa, akaifunga vishikizo kimoja kimoja kisha akavifungua tena, kama mtu anayehitaji mikono yake iwe na kazi. Halafu akanipa mimi.

"Mvalishe," akasema.

Nikamvalisha. Nikamfunga gagulo, nikaizungusha hariri, nikaanza kukunja marinda ya mbele. Alinitazama kwenye kioo, akasema marinda yameinama kama walevi, fungua, anza tena. Nikafungua, nikaanza tena. Nikamtupia pallu begani na kuibana kwa pini. Alisimama. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya wifi.

Sinia la taa lilikuwa mezani, la shaba, na maua, mafuta yamejaa, utambi unawaka. Aunty akaliinua kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukakataa. Sinia likainama, mafuta yakatiririka ukingoni, akalirudisha mezani haraka. Nikapiga hatua kumsaidia.

"We apana," akaniambia kwa Kiswahili. Kisha akamgeukia wifi. "Shika upande wa pili."

"Mimi?" Wifi aliangalia sari yake ya maziwa. "Mimi, na nguo hii? Wajane wawili?"

"Wanasema mmoja ni mkosi. Wawili hawajawahi kuona, hawajui ni nini. Shika, taa inazimika."

Wifi akaiegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mkono, akashika.

Chumba kilikuwa na milango mirefu miwili inayokutana katikati na kufungukia veranda na hema, na mlango mdogo wa kupitia jikoni. Niliwafungulia mmoja wa ile mirefu, uliotosha mtu mmoja kupita. Aunty hakusogea.

"Yote mbili," akaniambia. "Fungua yote mbili. Leo hakuna mtu anapita ku jikoni."